Kiti cha Kando ya Dereva

Viza nilipata. Naanza na hilo kwa sababu hapa Nkende, mtaani kwetu Tarime, watu wanasema nilinyimwa, na mimi ndiye niliyewaacha waseme. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipa pole mbele ya wateja wake, akawalaani Wazungu wote kwa pamoja, nami nikatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonewa. Ukweli ni kwamba stika ya viza ilibandikwa kwenye pasipoti yangu vizuri kabisa, na picha yangu juu yake, macho yamenitoka kama nimekamatwa. Karibu nchi zote za Ulaya nilizotaka kupita zilikuwa ndani ya ile stika moja. Hakuna Mzungu aliyenizuia. Nilijizuia mwenyewe, kisha nikatafuta wa kumlaumu.

Nilifundisha jiografia miaka ishirini na saba, kwanza wilaya ya Serengeti, halafu hapa Tarime mpaka nikastaafu. Katika miaka hiyo nilichora mto Rhine ubaoni mara ambazo siwezi kuzihesabu tena. Mtaala ulitaka hivyo. Watoto waliojua kila kivuko cha mto Mara, waliokulia nyuma ya ng'ombe, walipaswa kukariri bandari za mto ambao hata mimi mwalimu wao sikuwahi kuuona. Lakini niliupenda. Nilianzia milimani Uswisi, nikapitisha chaki ziwa Constance, nikakata kona pale Basel, nikaenda kaskazini hadi Rotterdam bila kuinua mkono. Walimu wengine walikuja kusimama dirishani kunitazama, na nilijua wamesimama, na niliongeza madoido.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa kutoka Nyanungu aliyekaa dawati la mbele, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umewahi kuuona?" Darasa zima likacheka. Yule binti hakuuliza kwa dharau, alitaka kujua tu. Mimi nilimpa fimbo mbili za mkononi kwa utovu wa nidhamu. Mwaka uliofuata ndiye aliyepata alama ya juu kuliko wote katika somo langu kwenye mtihani wa taifa, na nilitembea nikijisifu kwa ajili yake muhula mzima.

Miaka ilipita. Mwanangu wa kiume alikuwa Mwanza chuoni, akaniletea mchumba, na mchumba mwenyewe alikuwa yule binti, sasa anasomea uuguzi. Nilifurahi sana, na siku hiyohiyo nikampoteza mwanafunzi.

Wakurya tuna kitu tunakiita ensoni. Kwa Kiswahili wengine husema ni aibu, wengine heshima, na yote mawili yamo. Baba hampi mke wa mwanawe mkono. Haingii katika nyumba wanayolala, hakalii kitanda chao, hali naye sahani moja, na jambo la kusemwa kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ni namna ya kumhakikishia yule binti kwamba yuko salama katika boma hili, kwamba mzee wa hapa hatamsogelea. Nililelewa humo na sioni haya kuieleza. Ninachoonea haya ni jinsi nilivyoitumia. Tangu walipooana, mimi na yule binti tulikuwa na "shikamoo" na "marahaba", basi. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu, na mke wangu alipofariki, yakapitia kwa mwanangu.

Kisha binti akajifunza Kijerumani. Hospitali za Ujerumani zilikuwa zinatafuta wauguzi, akafanya mitihani yao, akapita, akaenda. Mwanangu alimfuata baada ya mwaka mmoja, na kwenye karatasi zake aliandikwa mume wa muuguzi. Alipata kazi ya kupanga mizigo ghalani. Hapa mtaani mimi nilisema mwanangu amepata kazi Ujerumani na amemchukua mke wake. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuamini.

Januari, mwanangu alinipigia simu akasema wana mpango. Mke wake amekusanya siku zake za likizo, zinatosha wiki mbili na kidogo, na wanataka niende tuufuate mto Rhine kwa gari, tuanzie Rotterdam unakomwaga maji baharini, tupande nao mpaka Uswisi unakoanzia.

"Ni wazo lake," akasema. "Anasema alikuuliza zamani kama umewahi kuuona. Sasa anataka mkauone wote."

Nyuma yake nilisikia sauti ya kike ikicheka kidogo, halafu ikanyamaza. Nilisema nitafikiria. Nilipokata simu nililia, mtu mzima na mvi zangu, nimesimama jikoni huku chai ikichemka hadi sufuria ikakauka.

Miezi minne iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote tangu nizike mke wangu. Nilinunua karatasi ya manila, nikaibandika ukutani sebuleni, nikauchora mto wangu. Nikaanza kupanga vituo. Duisburg nione mashua za makaa zinavyopishana. Cologne, kanisa. Koblenz, pale mto Mosel unapoungana na mkubwa wake. Strasbourg usiku mmoja, ili niweze kusema nimelala Ufaransa. Kwenye ziwa Constance nilipanga tunywe chai Ujerumani, tule mchana Austria, na jioni tuwe Uswisi. Nikaweka na Liechtenstein, nchi nzima ambayo ukiiweka ndani ya wilaya ya Serengeti utaitafuta. Mwisho kabisa, kwa miguu, kile kiziwa cha milimani ambako mto wenyewe huanzia.

Nilipiga picha karatasi, nikamtumia mwanangu. Majibu yalikuja marefu, na mwanangu si mtu wa majibu marefu. Yeye huandika "poa baba" na kwisha. Haya yalisema: Duisburg tusilale, kuna kelele, mbele kidogo kipo kijiji chenye uwanja wa magari ya kulala, ukingoni kabisa mwa mto. Barabara kuu za Uswisi zinataka stika maalumu, tutainunua mpakani. Siku ya tatu imepewa kilomita nyingi mno, tuigawe. Na hili: goti la baba litaweza ngazi za mnara wa kanisa la Cologne? Kama hapana, tutazunguka chini, nako kunatosha.

Goti langu mwanangu hakuwahi kulikumbuka. Nilijua ni nani anayeandika, naye alijua kwamba najua. Jina lake halikutajwa hata mara moja. Ikawa ndiyo barua zetu, za mwalimu na mwanafunzi wake, na mume akiwa tarishi. Nilianza kuandika maswali marefu zaidi ili nipate majibu marefu zaidi. Niliuliza kina cha maji, niliuliza mizabibu imepandwa upande gani wa bonde na kwa nini, na kila jibu lilikuja sahihi. Kama lilikosea kidogo nilimsahihisha, na nilisikia raha ya zamani ya kalamu nyekundu.

Mwezi Mei nilikwenda Dar es Salaam, nikapeleka karatasi zangu, nikapata viza. Nilirudi Tarime kwenye basi nimeishika pasipoti ndani ya koti njia nzima.

Wiki iliyofuata ikaja kwa simu picha ya karatasi ya mwisho. Ilikuwa mchoro wa gari, aina ile yenye vitanda na jiko ndani, umechorwa kwa mkono na rula, una kichwa cha habari na ufunguo kama nilivyowafundisha. Mbele kushoto: dereva, na jina la mke wa mwanangu. Mbele kulia: Baba, ili aone vizuri. Kiti cha nyuma: mume wake. Pembeni kulikuwa na mchoro mdogo wa usiku. Kitanda cha juu, sisi. Kitanda cha chini, Baba.

Niliilaza simu kifudifudi mezani.

Hilo la vitanda lilinishtua kweli, na hapo nilikuwa na haki. Mimi nilale chini, mwanangu na mke wake juu yangu, tumetenganishwa na ubao! Hata kuliandika napata taabu. Nadhani ughaibuni humfanya mtu asahau, au kwamba aliyepanga alikuwa anafikiria nafasi na uzito wa gari, hakufikiria kitu kingine. Neno moja tu lingerekebisha. Lakini nikiwa mkweli, jicho langu halikubaki kwenye vitanda. Lilirudi mbele kushoto, kwenye lile jina. Kwa siku kumi na tano ningeketi kando ya binti niliyemchapa fimbo, yeye akishika usukani, mwanangu amewekwa nyuma na mabegi. Kila mtu atakayetuona barabarani katika nchi sita atajua nani ni mkubwa wa familia ile. Hilo ndilo lililonichoma.

Nilipiga simu.

"Nani anaendesha?" nikauliza.

"Yeye, baba."

"Na wewe?"

"Mimi sina leseni ya huku. Mtihani wao mgumu. Nimefeli mara mbili."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeolewa."

Ningeishia hapo ingekuwa mbaya vya kutosha, lakini mdomo ulikuwa umeshashika moto. "Mwambie mkeo," nikasema, "sikuzaliwa niwe utingo wake."

Upande wa pili nilisikia bomba la maji likifunguliwa, halafu likifungwa. Mwanangu alivuta pumzi. "Baba," akasema, "simu ilikuwa kwenye spika. Alitaka kusikia kama umeupenda mchoro."

Nilikata simu. Baadaye nilijiambia kwamba mtandao ulikatika.

Jumamosi nilikwenda Susuni kwa kaka yangu mkubwa. Ndiye ninayemtegemea kwa mambo ya mila, na nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba ataniunga mkono, pengine atanisifu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mguu mmoja kwenye beseni. Ana kisukari, na kidonda chake hakiponi. Mke wa mwanawe mdogo alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamwosha. Niligeuza uso kwa haraka. Yule mama akasema, "Shikamoo baba," akaendelea kumfunga kitambaa safi, akachukua beseni akaondoka bila kuharakisha.

Nilimweleza kaka yote, vitanda kwanza, usukani baadaye. Alinisikiliza akikuna goti.

"Mura," akasema, yaani kijana, na mimi nimeshastaafu, "wewe umesoma lakini kichwa chako kigumu. Ensoni ni ya kumlinda mtoto wa watu. Huyu anayeniosha, nikimkataza, mguu utaoza, nife, watu waseme alinitupa. Hapo nimemlinda?"

"Lakini kitanda, kaka."

"Kitanda si useme! Sema, mimi hapo silali, nipeni hema nilale nje. Umesema? Hukusema. Umekwenda kumtukana mwanao kwamba ameolewa. Hiyo siyo ensoni. Hicho ni kiburi chako tu, na mimi usinitafute nikusaidie. Piga simu, omba msamaha. Kama hutaki kusema na binti, mpe mwanao maneno ayafikishe."

Nilikunywa chai yake, nikaaga vizuri, nikapanda pikipiki nimevimba. Njia nzima nilikuwa najitafutia sababu kwa nini mambo ya kaka ni tofauti na yangu. Yeye anaumwa. Yeye hana mtu mwingine wa kumwosha. Yeye hajasoma. Nilipofika Nkende nilikuwa nimeshinda kesi yote, na hakimu nilikuwa mimi.

Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo nadhani ni la watu wa kwetu tu. Huku, mzee akisusa hatumiwi meseji. Anatumiwa watu. Wanakuja wawili au watatu, wanakaa, wanaongea mvua na ng'ombe mpaka chai inaisha, ndipo mmoja anakohoa na kusema kwamba wametumwa. Mzee anakataa. Wanarudi wiki nyingine, anakataa lakini kidogo. Mara ya tatu anakubali, watu wanacheka, na hakuna aliyeshindwa. Nimekuwa mjumbe wa namna hiyo kwa wazee wengi tu, na najua kila hatua yake.

Basi nikawasubiri wajumbe wangu. Sikupiga simu tena, na meseji sikujibu. Nilikuwa na hakika kwamba mwanangu atamwomba mchungaji wetu, au wajomba wa binti kule Nyanungu, au huyohuyo kaka yangu, nao watakuja. Nilinunua sukari ya kutosha. Nilimpa fundi kazi ya viti viwili vipya vya sebuleni, maana vya zamani vilikuwa vinayumba. Nilifyeka majani ya njiani. Nilipanga hadi maneno: mara ya kwanza nitakataa kwa ukali, nitataja mababu. Mara ya pili nitalalamika kwamba mimi ni mzee na sihitaji Ulaya. Mara ya tatu nitasema, haya, kwa heshima yenu ninyi mliotoka mbali, nitakwenda, nitakaa nyuma, nitalala kwenye hema, na kama binti ndiye mwenye leseni, aendeshe. Nilikuwa nimeshakubali kila kitu. Nilichokuwa nasubiri ni wa kunibembeleza.

Juni ikapita. Mwanangu aliandika: "Baba, likizo ya Julai imesogezwa hadi Septemba kwa ajili yako. Nafasi yako bado ipo." Sikujibu. Aliandika tena: "Baba, tunahitaji jibu kabla ya mwisho wa mwezi." Niliisoma hiyo ya pili mara kadhaa, na nilitabasamu. Niliona wanalegea. Nikaongeza sukari.

Wajumbe wangetoka wapi? Kule walikuwa wawili tu katika nyumba ya kupanga, wanaamka alfajiri kwenda kazini, wanarudi wamechoka. Wakiuliza swali wasijibiwe, wanahesabu kuwa wamejibiwa. Nami nilikuwa huku nimekaa kwenye kiti kipya, mlango wazi, nasikiliza kama kuna pikipiki inapunguza mwendo.

Meseji ya tatu ilikuja mwisho wa mwezi. "Baba, tumekuelewa. Hatutakusumbua tena. Tumemwomba mama yake aje, ana pasipoti."

Pasipoti alikuwa ameikata mwaka uliotangulia, alipovuka mpaka wa Sirari kwenda kutibiwa macho Kenya. Nilicheka kwa sauti, peke yangu sebuleni. Mama yake! Mwanamke wa Nyanungu ambaye hajui kusoma, aendeshwe nchi sita kutazama mto ambao hajawahi kuusikia. Tena ensoni ya mama mkwe na mume wa binti yake ni nzito kuliko yangu mara mbili. Nilijua atakataa. Nilijua akikataa watarudi kwangu, na safari hii watabembeleza.

Alikwenda.

Niliibandua karatasi ya manila ukutani siku niliyosikia ameshapanda ndege, nikawashia jiko la mkaa. Septemba nzima sikufungua picha hata moja. Mwanangu alizituma, niliona alama tu kwamba zimefika, nikazifuta. Nilimchukia yule mama kwa namna ambayo mtu aliyezoea kwenda kanisani hapaswi kukiri. Nilitamani mvua iwanyeshee. Nilitamani gari liharibike mahali pasipo na cha kutazama.

Mwezi Oktoba, mchana, yule mama alikuja mwenyewe Nkende. Alikuwa amekuja mjini kliniki, akasema asingepita bila kunisalimu. Tuliulizana watu na ng'ombe. Alinipa chokoleti ambayo ilikuwa imeyeyuka njiani ikaganda tena, ina madoa meupe. Alikaa kwenye kimojawapo cha vile viti vipya, akakisifu.

"Mwalimu," akasema, "ule mto wenu nimeuona."

"Ukoje?" nikauliza.

"Kule chini mkubwa, maji yamechafuka, meli ndefu zinapita na makaa. Ukiupandisha unakuwa mweupe. Kule juu kabisa, kwenye mawe, ni kitu kidogo. Nimeuruka."

"Umeuruka?"

"Kwa miguu hii." Aliinyoosha, tukaitazama wote wawili, na viatu vyake vya plastiki. "Binti yangu akaniambia, mama, umeuruka mto ambao mwalimu alikuwa anatuchapia fimbo. Tukacheka hadi tukakaa chini."

Nilimwongezea chai kikombe kikiwa bado kimejaa. Kulikuwa na jambo moja tu nililotaka kumuuliza, na niliona aibu kuliuliza, nikaliuliza.

"Na mkweo? Mliwezaje ndani ya gari moja?"

Alinitazama kama nimeuliza jinsi ya kupika ugali. "Si nilikaa nyuma. Yeye alikaa mbele na simu ya kuangalia njia, anasinzia. Mimi niligeuza uso dirishani siku zote. Mwalimu, si dirisha ndilo nililoendea?"

"Na usiku?"

"Siku ya kwanza nilimwambia binti yangu, mimi na mume wako hatulali paa moja. Akasema, sawa mama. Wakachukua hema, wakalala nje, mimi nikabaki na gari lote peke yangu." Alikunywa chai. Kisha akauliza, na hakukuwa na hila yoyote katika uso wake, "Kwani wewe hukumwambia?"

Nilimwambia nilikuwa na shughuli nyingi mwaka huo. Akasema pole, shughuli ni nyingi kweli. Nilimsindikiza mpaka barabarani akapata pikipiki.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimekasirika, na nilimtafuta wa kumkasirikia sikumpata. Siku kumi na tano zile, kazi yote ile ya kupanga, mambo yote aliyoyakumbuka yule binti kuhusu mto na kuhusu goti langu, vingehitaji sentensi moja kutoka kwangu. Mama asiyejua kusoma aliisema siku ya kwanza, akalala salama. Mimi mwenye miaka ishirini na saba ya kusema mbele ya watu nilishindwa kuisema, kwa sababu nilitaka kwanza nibembelezwe. Ningependa kusema mila ndiyo iliyoniponza. Si kweli. Mila ilikuwa na mlango, na kaka alinionyesha ulipo.

Namba ya mke wa mwanangu nilikuwa nayo. Mwanangu alinipa zamani, kwa dharura, na sikuwahi kuipiga. Jumapili moja baada ya ibada nilikaa na daftari, nikaandika maneno yangu kama ninavyoandaa somo. Nitamwita binti yule "mwanangu", kwa kuwa naye ni mwanangu. Nitasema lile neno la utingo lilikuwa la kijinga. Nitasema fimbo mbili zile nazo zilikuwa za kijinga. Nitamuuliza, yeye mwenyewe, bila tarishi, ule mto aliuonaje. Nilikuwa nimeamua kwamba ensoni ikidai kitu nitailipa baadaye kwa namna wazee watakavyosema, lakini maneno haya lazima yafike kwa mdomo wangu. Kisha nikapiga.

Iliita mara nyingi. Kisha ikapokelewa.

"Shikamoo baba."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu, ya mtu aliyezoea kusema na wagonjwa. Nilishangaa kwamba siijui.

"Marahaba," nikasema. "Mwanangu, nilikuwa nataka..."

"Subiri baba," akasema kwa adabu kabisa, haraka, bila hasira hata kidogo. "Ngoja nimpe mume wangu."

Nilisema subiri, lakini simu ilikuwa imeshatoka sikioni mwake. Nilisikia hatua zake, nikasikia mlango, nikamsikia akimwambia kwa Kikurya kwamba tata, yaani baba, anapiga, aje haraka, isije ikawa kuna tatizo nyumbani. Alifanya sawasawa kama nilivyomfundisha kwa miaka yote ile. Kisha mwanangu akaja akihema.

"Baba, kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, nilikuwa nawasalimu tu.